Tukimwombea Mtu, Je, Tunadaiwa?

Mada: Katika mtaa mmoja wa Kanisa Anglikana kijijini Rungwe Mpya, Wilaya ya Kasulu, mazao ya sadaka ya mavuno hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Fedha zake zimalizie jengo, au ziwafuate watu wanaotajwa kila Jumapili kwenye maombi?

Wazungumzaji: Mhazini wa mtaa, Kiongozi wa akina mama, Mwinjilisti, na Mjane ambaye ni mwumini wa mtaa huo.

MHAZINI: Sadaka ya mavuno ina kazi yake, na kazi hiyo tuliipanga sote kabla ya kupanda. Tulikubaliana kwamba maharage, mahindi, kuku, mikungu ya ndizi, chochote kitakachopigwa mnada, fedha yake inunue bati na mbao za kenchi. Kuta zimesimama bila paa misimu miwili ya mvua, na matofali mabichi hayamsubiri mtu. Leo anayesema fedha ile wagawiwe wahitaji hagawi mali yake. Anagawa mali ya watu waliotoa kwa ajili ya jengo.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Makubaliano nayajua, nilikuwepo. Lakini kuna ahadi nyingine tunayoitoa kila Jumapili, nayo haiandikwi kwenye kitabu chako. Mwinjilisti anauliza nani ana shida tumwombee. Watu wanasimama: huyu mtoto ana homa siku ya nne, huyu mume amekwenda Tabora kwenye tumbaku na hajaleta habari, huyu ghala limekwisha na maharage mapya bado yapo kwenye maua. Tunanyoosha mikono, tunapaza sauti, tunasema Amina. Ile Amina ni ya nini, mzee? Umesimama mbele za Mungu ukasema shida ya mwenzako imekugusa, kisha unatoka nje kununua bati.

MHAZINI: Ninaposema Amina namkabidhi Mungu nisichokiweza mimi. Ndiyo maana ya kuomba. Kama ningekuwa na uwezo wa kuponya homa ya mtoto, nisingesimama kuomba, ningeponya. Wewe unataka kila ombi liwe hati ya madai. Hesabu mwenyewe wanaotajwa kwa mwaka mzima, halafu uniambie mnada gani wa kuku na maharage utalipa deni hilo.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Sikusema tulipe yote. Nimesema tusiombe kana kwamba hatumiliki kitu. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unamkemea mtu anayemwona ndugu hana nguo wala chakula, akamuaga kwa maneno mazuri na mikono mitupu. Yakobo hakuwa anasema na wapagani. Alikuwa anasema na watu wa ibada, wanaojua kuomba kama sisi.

MWINJILISTI: Naomba niingie hapa, maana mimi ndiye ninayeuliza lile swali la Jumapili. Mama, ukisema maombi ni deni, utaniharibia maombi kwa pande mbili. Upande wa kwanza, mwenye aibu hatasimama tena, ataona anakuja kudai. Upande wa pili, asiye na haya atasimama kila wiki. Nimewahi kufika nyumba ya mtu tuliyemwombea njaa nikakuta magunia yamepangwa hadi kwenye dari. Leo maombi ni mahali pekee kijijini ambapo mtu anaweza kusema nimeshindwa, bila kuambiwa jaza fomu. Tukiyafunga kwenye mfuko wa fedha, tutapata orodha ya wahitaji na kukosa watu wanaoomba.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Hao wenye magunia ni wangapi, Mwinjilisti? Na kwa ajili ya mmoja aliyedanganya, wangapi wameondoka na Amina peke yake? Wenyewe tuna desturi inayotuhukumu. Mtu akifa hapa, hakuna anayeuliza kama familia ina magunia. Daftari la rambirambi linafunguliwa, mahindi yanaletwa, kuni zinaletwa, sanda na jeneza vinapatikana kabla jua halijazama. Huyohuyo akiwa mgonjwa wiki iliyotangulia, pikipiki ya kumpeleka Hospitali ya Kabanga ilikosa mtu wa kuilipia. Tunachangia jeneza, hatuchangii nauli.

MHAZINI: Msiba una mwisho. Siku ya tatu tunaanua tanga, tunafunga daftari, kila mtu anarudi shambani. Ugonjwa hauna mwisho. Njaa hairudi mara moja, inarudi kila mwaka kuanzia Novemba. Ndiyo maana wazee wetu walichangia msiba bila kuulizana, na shida nyingine waliziacha kwa ukoo. Hawakuwa na roho mbaya. Walijua mzigo upi unabebwa na kijiji na upi unabebwa na nyumba.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Wazee hao hao walimbeba mgonjwa kwenye machela, milima na mabonde, kwa zamu, wala hawakuuliza ni wa ukoo gani. Usichague desturi moja ukaiacha nyingine.

MHAZINI: Walibeba kwa mabega. Mabega hayahitaji mhazini. Fedha inamhitaji, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Soma Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa lina umri mdogo kabisa, Mitume wenyewe wapo hai, na tayari kuna manung'uniko kwamba wajane wa Kiyahudi wanaosema Kiyunani wanasahaulika katika mgawo wa kila siku. Ikabidi wachaguliwe watu saba wa kusimamia. Kama Petro na Yohana walishindwa kugawa chakula bila ugomvi, sisi wa Rungwe Mpya tutagawa fedha ya mnada kwa kura ya kupiga makofi?

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Umesoma nusu. Walipotokea wanung'unikaji, Mitume hawakusema basi, tuache kugawa, tujenge. Walichagua watu saba, wakaendelea kugawa. Ugomvi uliwafundisha kupanga. Wewe unaufanya sababu ya kuacha.

MHAZINI: Nami nakurudishia swali kutoka kwenye Injili. Yule mwanamke wa Bethania alimwagia Yesu marhamu ya thamani. Waliokuwepo wakasema ingeuzwa kwa zaidi ya dinari 300 wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa wa kibarua. Piga hesabu, ni karibu mshahara wa mwaka mzima. Na Yesu alimtetea nani? Alimtetea aliyemwaga. Kuna heshima inayompasa Mungu, na heshima hiyo ina gharama. Nabii Hagai aliwakemea watu waliokaa kwenye nyumba zao nzuri huku nyumba ya Bwana ikiwa magofu. Watu wanaomwabudu Mungu chini ya turubai lililochanika huku kila duka la senta lina bati jipya wanasema kitu kuhusu Mungu wao, hata wakinyamaza.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Hagai alisema na watu wenye nyumba zilizopambwa kwa mbao. Nitembeze Rungwe Mpya, unionyeshe nyumba zilizopambwa kwa mbao. Wengi wa wanaochangia bati la kanisa wao wenyewe wanalala chini ya nyasi. Kwa hiyo kemeo lile wasomewe wenye maduka, si mama anayeleta debe la mahindi. Na kuhusu marhamu: Injili ya Yohana inasema aliyelalamika kwa jina la maskini ni Yuda, na inasema alilalamika kwa sababu alikuwa mwizi, naye ndiye aliyeshika mfuko.

MHAZINI: Nimesikia. Na mshika mfuko hapa ni mimi.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Sijakutaja, mzee wangu.

MHAZINI: Hujanitaja, lakini watu wamecheka. Basi niseme jambo ambalo mshika mfuko peke yake ndiye anayelijua. Paulo alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alisafiri na ndugu wengine wanaoaminika, na akaeleza wazi katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, kwamba hataki mtu awalaumu kwa fedha ile. Mtume aliona haya kuchukua fedha ya maskini bila mashahidi. Ukinipa fedha ya bati, nakuletea risiti na bati, unaligonga kwa kidole linalia. Ukinipa fedha ya wahitaji, nakuletea risiti gani? Nikitaja majina, nimewavua nguo hadharani. Nisipotaja, nimekula. Sioni njia ya tatu.

MWINJILISTI: Hapo mhazini amegusa jambo. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, huchambua kaya kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, na majina yanasomwa ili watu waseme huyu anastahili, huyu hastahili. Serikali inaweza kufanya hivyo, ni mali ya umma. Kanisa likifanya hivyo, Jumapili ijayo yule mtu atakaa wapi? Atakaa benchi la nyuma na lebo kifuani. Na Timotheo alipewa vigezo vikali vya kumwandika mjane kwenye daftari: awe ametimiza miaka 60, awe na sifa ya matendo mema, asiwe na watoto wala wajukuu wa kumtunza. Nani kati yenu atakwenda kumwambia mjane wa miaka 35 mwenye watoto wanne kwamba umri bado?

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Hapo ndipo nasema tuache kugawa fedha mkononi, tulipe vitu vinavyojulikana. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipiwa shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Fedha hiyo haiko mbali na bei ya bati moja. Mtaa ungelipia kaya kumi, ni shilingi 300,000, na risiti ipo, mzee, yenye muhuri. Hakuna aliyekula, hakuna aliyepewa fedha mkononi akanywea.

MHAZINI: Na kadi hizo zilifika zahanati zikakuta nini? Mara nyingi mgonjwa aliandikiwa karatasi akanunue dawa duka la nje. Sasa imekuja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na viwango vinabadilika. Unataka mtaa wa kijijini ujifunge kwenye malipo ambayo Dodoma ndiyo inayopanga bei? Mwaka huu tutalipia kaya kumi. Mwakani bei ikipanda tutalipia kaya mbili. Zile nane tutaziambia nini? Tutaziambia tutawaombea?

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Ndiyo, tutaziambia hivyo, na siku hiyo maombi yatatuuma kama yanavyopaswa kutuuma. Sasa hivi hayatuumi.

MWINJILISTI: Mama, hilo neno lako nitalibeba. Lakini liwekee mpaka. Kila Jumapili tunaombea Burundi na Congo. Tunaombea viongozi, mvua, walio safarini. Tunadaiwa hadi Bujumbura?

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Bujumbura hapana. Nyarugusu, niache nifikiri. Kambi ile ya wakimbizi iko ndani ya wilaya yetu hii, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ndugu wa Congo, na mwaka 2015 Warundi wakajaa tena. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulishushwa hadi nusu. Tunajua wanaoingia mashambani kwetu kupalilia kwa kutwa. Wamepalilia maharage ambayo leo tunayapiga mnada kwa jina la Bwana. Tunaposema tunawaombea wakimbizi, tunasema juu ya mtu ambaye jembe lake limepita kwenye sadaka yetu.

MHAZINI: Hapo unatuingiza kwenye sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali kutoka nje ya kambi. Kanisa likianza kumpelekea chakula kibarua wa kambini aliyejificha shambani, afisa akija atamtafuta mwinjilisti, hatakutafuta wewe. Wakimbizi wana mashirika yao. Huduma ya Kikristo kwa wakimbizi, TCRS, ipo nchini tangu 1964, ilianzishwa kwa kazi hiyohiyo, ina magari, ina mikataba na serikali. Sisi tuna baiskeli ya mwinjilisti.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Sikusema tuvunje sheria. Nasema ujira. Tukimlipa kibarua nusu ya anachostahili kwa sababu hana pa kulalamika, kisha Jumapili tukamwombea, hapo deni halina mjadala. Hilo si la mfuko wa mtaa. Ni la kila mwenye shamba aliyekaa hapa.

MWINJILISTI: Mama, hapo umetuumiza wengi kwa mkupuo.

MHAZINI: Na umetoka nje ya mada. Mada ni fedha ya mnada. Tusigeuze kila dhambi ya kijiji kuwa hoja ya kuchelewesha paa. Jengo lenyewe ni huruma, mkitaka kuona. Huduma za mkoba za chanjo zikija, watoto watapimwa uzito chini ya bati letu badala ya kukaa juani. Watoto wa shule ya Jumapili hawatatawanyika mawingu yakianza kukusanyika. Na kuna jambo la kujitegemea. Heri ina hospitali ya Waadventista, Kabanga ina hospitali ya Wakatoliki. Ni kazi kubwa, hakuna wa kuzibeza. Lakini zilianza na watu waliotoka mbali na fedha za mbali. Nani alisema sisi tusubiri mgeni apige picha ya kuta zetu zisizo na paa ndipo tupate bati? Dayosisi yetu ya Western Tanganyika iliundwa mwaka 1966, na askofu wake wa kwanza alikuwa Mwafrika, Musa Kahurananga. Tangu hapo hatujawa watoto. Kanisa linaloezeka paa lake kwa kuku wake limekomaa.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Hospitali hizo mbili unazozitaja, mzee, zinatoa jibu langu. Watu waliotoka mbali, walipofika milima hii, waliona ugonjwa wakajenga wodi. Imani yao ilionekana kwenye kitanda cha mgonjwa. Watu wa hapa wanazijua Heri na Kabanga kwa wagonjwa waliotibiwa, hawazijui kwa urefu wa minara. Sisi tumepokea uaskofu na kujitegemea, lakini huruma tumewaachia wao waendelee nayo. Huko nako ni kukomaa?

MWINJILISTI: Sasa niseme langu, nimelikwepa. Mimi ni mmoja wa wanaodai. Posho ya mwinjilisti imechelewa, na nyote mnajua. Wiki iliyopita mlisimama mkaniombea nyumba yangu. Nilishukuru. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu tumeombewa. Akaniuliza, na chumvi? Sikuwa na jibu la kiroho. Kwa hiyo Mama anaposema Amina ina deni, mwili wangu unakubali. Lakini nikisimama Jumapili kuhubiri kwamba maombi ni deni, watu wote watajua ninahubiri tumbo langu. Ndiyo sababu ninaogopa hoja yako hata pale inaponifaa.

MHAZINI: Posho ya mwinjilisti ipo kwenye bajeti. Imechelewa kwa sababu mchango wa parishi na dayosisi ulitangulia. Hilo si la huruma, ni la haki ya mtumishi.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Basi angalau hilo tulilipe bila kumwombea.

MJANE: Mnaniruhusu?

MHAZINI: Karibu, mama. Kikao ni cha wote.

MJANE: Nimesikiliza nikajiona nimetajwa mara nyingi bila jina. Mimi nilisimama mwezi wa Desemba, mvua imeshika, ghala limebaki vumbi. Mliniombea vizuri. Mwinjilisti alilia. Kutoka nje, nilisikia akina mama wawili wakihesabu watoto wangu na wakimtaja shemeji yangu aliyechukua shamba la juu baada ya msiba. Hawakuwa wabaya, walikuwa wanatafuta sababu. Tangu siku ile sijasimama tena kuomba. Mwinjilisti anaogopa kwamba tukiweka mfuko watu wataacha kusimama. Wapo waliokwisha kuacha.

MWINJILISTI: Mama, nisamehe. Sikujua.

MJANE: Hukupaswa kujua, ndiyo maana nilinyamaza. Sasa nawajibu wote. Mhazini anasema hana njia ya tatu kati ya kutaja majina na kula fedha. Ipo. Katika sheria ya Musa, kitabu cha Mambo ya Walawi, mwenye shamba aliambiwa asivune hadi kwenye pembe, wala asirudi kuokota masazo. Ruthu aliokota nyuma ya wavunaji wa Boazi. Hakuna aliyemtangaza. Alifanya kazi, akaokota, akarudi kwa mkwewe na shayiri yake. Sijaomba mnigawie. Niachieni pembe.

MHAZINI: Pembe za mashamba yetu ni hatua tatu, mama. Na tukiacha, mbuzi wa jirani wataokota kabla yako.

MJANE: Kweli. Basi acheni pembe ya mnada. Kabla kuku hawajapigwa bei, mahindi yatolewe debe moja katika kila gunia, yawekwe ghala la mtaa. Novemba yauzwe kwa bei ya Juni kwa yeyote anayekuja kununua, bila kuulizwa. Tajiri akija, auziwe. Maskini akija, auziwe. Mimi nitakuja na shilingi zangu za kuuza ndizi. Sitavuliwa nguo, na mhazini atakuwa na risiti.

MHAZINI: Na tajiri akinunua yote siku ya kwanza?

MJANE: Wekeni kikomo. Debe moja kwa nyumba.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Lakini wapo ambao hawana hata shilingi za ndizi, mama. Mzee aliyepooza kule bondeni hatakuja kununua kwa bei ya Juni wala ya Novemba. Ukiweka kila kitu kwenye kuuza na kununua, wa mwisho kabisa anabaki na maombi tu. Tutakuwa tumetibu aibu yako na kuacha njaa yake.

MJANE: Mzee yule hahitaji mfuko. Anahitaji mtu wa kumpelekea uji kila asubuhi. Hapo ndipo maombi yenu yakifika, nitaamini. Tukimwombea, anayesema Amina kwa sauti ndefu aambiwe zamu yake ni Jumanne.

MWINJILISTI: Tukifanya hivyo, Amina zitapungua.

MJANE: Zipungue.

MHAZINI: Sasa mnaniacha wapi? Mama kiongozi anataka bati liwe bima. Mama huyu anataka debe katika kila gunia liwekwe ghala. Mwinjilisti anataka posho na hataki kusema. Mvua ya Oktoba iko njiani. Nipeni hesabu ya mafungu, tupige kura.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Nipendekeze. Robo ya mnada iende kwa wanaotajwa, robo tatu paa. Na orodha ishikwe na watu watatu, mwanamke awe mmoja, waapishwe kutunza siri.

MHAZINI: Siri ya watu watatu kijijini! Mtu wa tatu ana mke.

MWINJILISTI: Mimi naona tusipige kura leo. Kura itagawa mtaa kuwa wa paa na wa watu, na Mungu hagawanyiki namna hiyo.

KIONGOZI WA AKINA MAMA: Mwinjilisti, kila mara jambo linapofika kwenye fedha unasema tuombe kwanza. Hata kuahirisha ni kura. Jumapili mnada utapigwa, na usipoamua, fedha itakwenda ilikokwenda mwaka jana.

MHAZINI: Itakwenda ilikopangwa. Hayo ndiyo niliyosema mwanzo.

MJANE: Basi niulize la mwisho, mhazini. Jumapili nitaleta kuku. Ni kuku anayetaga, si jogoo mzee. Kabla hujampiga bei nataka kujua anakwenda kwenye bati au kwenye ghala.

MHAZINI: Kama utaratibu haujabadilishwa, anakwenda kwenye bati. Ukijua hivyo, bado utamleta?

MJANE: Nitamleta. Nyumba ya Mungu ni yangu kama ilivyo yako. Ila kuanzia Jumapili hiyo msinitaje kwenye maombi ya wenye shida. Mtakaposoma majina ya wafadhili wa paa, nami nisomwe.

MHAZINI: Wafadhili husomwa kwa kiwango walichotoa, mama. Kuku mmoja atakuwa wa mwisho kwenye karatasi.

MJANE: Soma hivyo hivyo. Ila ongeza safu moja pembeni: kila aliyetoa, amebakiwa na nini nyumbani. Ukikubali kusoma safu hiyo kwa wote, tuanze na wewe.